Chukua Msambweni

Msambweni, 28 Aprili 1959

Baba Iddi,

Tu wazima, alhamdulillahi, ila tumeloa. Nikuambie kweli, mume wangu, mvua ya mwaka huu haina adabu. Ulipotupa kisogo tu baada ya Idi ndogo, yenyewe ikabisha hodi, na tangu siku hiyo haijakumbuka kuwa nayo ina kwao. Mto Mkurumuji umefurika, basi la Likoni huja likitaka, na barua hii sijui utaipata lini. Shamba halilimiki. Chuo cha Kurani mwalimu amekifunga kwa sababu maji yameingia mpaka kwenye mikeka. Basi tumo ndani kutwa, mimi, mama yako, Iddi, Mwanaima na kuku wote.

Siku za mwanzo nilidhani tutauana. Iddi akimvuta dada yake nywele, dada mtu akimuuma mkono, na mimi nikipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Paa nalo ndilo hilo unalolijua, makuti yamechoka, kila pembe inavuja. Nimetega sufuria, bakuli, kata, hata lile beseni lako la kutawadhia. Mama yako alikuwa kitandani na ukili wake akisuka, kama hatuoni. Kisha akasema, "Mwanapili, hawa watoto wana hamu ya kutembea. Watembeze." Nikamwambia, "Niwatembeze wapi, mama, na nje hapakanyagiki?" Akaonyesha paa kwa kidole. "Miji hiyo hapo," akasema. "Kazi kuipa majina."

Sasa njoo uone nyumba yako! Sufuria kubwa ya mlangoni ni Mombasa, maana inajaa upesi na ina makelele. Kata iliyo chini ya dirisha ni Vanga. Bakuli la bluu ni Lamu. Juu ya kabati kuna kikombe, hicho ni Kwale, kwa sababu kukifikia ni kupanda. Gazi na Ramisi ni vifuu viwili vinavyojibizana, huyu ti, yule to, na ukifumba macho utadhani kuna ngoma ya mbali. Beseni lako, lililo chumbani upande wako wa kitanda, ndilo Msambweni.

Tunacheza vitendawili tangu adhuhuri mpaka watoto wasinzie, na miji ndiyo hiyo. Anayeshindwa anaombwa mji, anasema, "Chukua Lamu," na aliyemshinda anakwenda kweli mpaka kwenye bakuli la bluu, anachuchumaa, anatusimulia ameona nini huko na amekula nini, kisha anarudi na kutupa jibu. Mama yako jana alikwenda Lamu akakaa huko muda mrefu mno, akala halua, akaolewa mara ya pili. Tulicheka mpaka Iddi akapaliwa na mihogo.

Kona moja tu haivuji, ile ya mtungi wa mahindi. Iddi akaiita Taru, kwa vile umetuandikia kwamba huko kazini kwako ni kukavu. Leo asubuhi nimemkuta Mwanaima anateka maji Mombasa kwa kikombe, anayamwaga Taru kidogo kidogo. Nikamuuliza unafanya nini, mahindi yataoza. Akasema, "Yule mgeni hana maji."

Ndivyo anavyokuita, Baba Iddi, na nakuandikia hili kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu. Ulipokuja Idi ndogo alijificha nyuma ya pipa, nawe ulicheka mbele za watu, lakini nilikuona unavyopanda basi umeinamisha kichwa. Mtoto hakujui. Mvua hii nimeishika kama nafasi. Nataka ikiisha awe na baba, na wewe ukija Idi kubwa akukimbilie, asikukimbie. Basi tuletee kitendawili chako, nawe uwe mchezoni pamoja nasi.

Iddi anakupa shikamoo. Mama yako anakuombea dua na anauliza kama unakula.

Wako,
Mwanapili


Taru, 9 Mei 1959

Mama Iddi, mke wangu,

Barua yako imenikuta nimekaa juu ya ukuta wa birika la ng'ombe tunalolijenga, na vumbi limeniingia mpaka kwenye kope. Nimeisoma, nikaisoma tena, kisha nikamsomea Randu. Huyu ndiye yule Mduruma niliyekutajia, mwenzangu wa kukoroga saruji, ambaye kwake ndiko ninakokula jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama halua ya Lamu ni tamu kweli.

Hapa mchana hakuna hata ndege anayelia. Ng'ombe wanakuja kutoka mbali wanasimama mbele ya birika ambalo hatujalimaliza, wanalitazama. Hawanung'uniki, wanangoja tu, na mimi naona haya kama kwamba nimewaalika nikachelewa kupika. Nikifumba macho nasikia vifuu vyako viwili. Kweli, Mwanapili, nimelala hapa kwenye mchanga mkavu nikasikia Gazi na Ramisi wakijibizana.

Mwambie Mwanaima habari hii. Siku chache kabla ya barua yako kufika, wingu dogo lilikuja peke yake juu ya kambi, bila wenzake, likamwaga maji kiasi cha kulowesha kofia, likaenda zake. Wazee wa hapa walishangaa. Mimi nami nilishangaa, lakini sasa najua limetoka kikombe cha nani. Mwambie yule mgeni alikinga mikono akanywa, na anashukuru.

Kitendawili nimekitunga nikiwa kwa Randu, mkewe anapuliza kuni mbichi. Hiki hapa: sijamwona akiingia, kila siku namwona akitoka, na kila akitoka huniachia machozi. Jibu ni moshi. Usiwaambie. Wakishindwa nipeni mji mzuri, msinipe Ramisi, huko kuna mbu.

Kuhusu paa, usihangaike na makuti. Nina nia ya kukuletea mabati, nyumba nzima, jikoni na barazani. Utalala mvua ikipiga juu na wewe hutaamka kutega chombo hata kimoja.

Idi kubwa tutaona. Kazi ni nyingi.

Mwambie mama ninakula.

Mumeo,
Chande


Msambweni, 20 Mei 1959

Baba Iddi,

Habari ya wingu imewapagawisha. Sasa kila siku Taru inanyweshwa, na mahindi nimeyahamisha kabla hayajaota humu ndani. Iddi, aliyejifanya mkubwa, nilimwona naye akimwaga kikombe alipodhani nimegeuka.

Kitendawili chako nimewategea juzi, baada ya kula mbegu za fenesi za kuchoma. Mvua ilikuwa imepungua sauti, ile ya kunong'ona, na sote tulikuwa juu ya kitanda cha mama yako chini ya mkeka mmoja. Nikasema kitendawili, wakaniitikia tega, nikakisema kama ulivyokiandika. Iddi akasema kitunguu. Nikamwambia kitunguu nakiona kikiingia, naenda sokoni kukinunua mwenyewe. Mama yako akasema usingizi, kisha akasema hapana, usingizi hauna machozi.

Mwanaima akasema, "Ni Baba."

Hakuna aliyecheka, Chande. Mama yako akaacha kusuka. Iddi akanitazama mimi, na mimi sikujua uso wangu niuweke wapi. Mtoto mwenyewe hakuwa na huzuni yoyote, alikuwa amefurahi kwa kuwa amelipata, akarudia kwa sauti, "Ni Baba! Haingii, anatoka tu, halafu Mama analia." Na hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu uondoke kukuita Baba. Mara zote ni mgeni, mgeni. Nikamwambia sivyo, mwanangu, umekosa.

Akakubali. Yeye hafanyi ubishi kama kaka yake. Nikamwambia basi Baba anataka mji. Iddi akamwambia mpe Ramisi. Akakataa, akashuka kitandani, akaenda chumbani kwetu, na kutoka huko ndani akaita, "Chukua Msambweni!"

Kwa hiyo umepewa. Kila asubuhi anamwaga maji ya beseni, analisugua kwa mchanga, analirudisha upande wako wa kitanda. Nilimuuliza kwa nini analisugua hivyo. Akaniambia mtu akipewa mji lazima aende, na huwezi kumkaribisha mtu kwenye mji mchafu. Mimi sisemi kitu. Mimi nakueleza mambo yalivyo.

Jingine. Kaka yangu Tembo amepita hapa na matope mpaka magotini. Anasema kuna mtu anataka kujenga nyumba za wageni kule Galu, za mawe, mvua ikitulia, na anatafuta waashi. Ni kazi ndogo ndogo, si ya kukufanya mkubwa. Lakini Galu mtu anakwenda na kurudi.

Umeandika Idi kubwa tutaona. Sijapenda neno hilo. Unakuja au huji?

Wako,
Mwanapili


Taru, 31 Mei 1959

Mama Iddi,

Nilipofika pale Mwanaima aliposema Baba, niliikunja barua nikaenda kusimama kwenye birika. Sasa lina maji. Nilijitazama humo mpaka ng'ombe wakanisukuma. Niliumia, mke wangu, siwezi kulipamba.

Na ninaloandika sasa litakuumiza wewe. Siji Idi kubwa. Msimamizi amenifanya mkuu wa waashi, nami nikampa mkono kwamba nitakaa mpaka Idi ndogo ijayo, maana kuna mabirika mengine huko mbele kuelekea Mackinnon. Nilikwisha kubali kabla sijapata barua yako ya kwanza. Nilishindwa kukuambia. Nilijisemea nitakwambia nikiwa tayari na mabati, uyaone kwanza ndipo unigombeze. Baba yangu alikufa chini ya paa linalovuja, na mimi fundi wa kuwajengea ng'ombe maji nimewaacha mama yangu na watoto wangu chini ya paa lile lile. Nirudije na mikono mitupu?

Lakini mji nimepewa, na sitaki mtoto aone nimeudharau. Msomee haya:

Mwanaima, nimekwenda Msambweni. Nimetoka Taru kukiwa na jua, nikafika Mazeras kukiwa na mawingu, na Likoni mvua ikanipokea ikanishika mkono. Nilipita minazi imeinama yote upande mmoja kama watu waliosikia jina lao likiitwa. Mto ulikuwa umejaa, lakini ulinijua, ukanipisha. Nikafika kwenye mji mweupe, umesuguliwa kwa mchanga mpaka unang'aa, na katikati yake matone yalikuwa yanashuka taratibu, moja, kisha jingine, kama kwamba nayo yanatembelea. Nikaingia kwa mlango, Mwanaima, na watu wakaniona nikiingia. Wakaniandalia wali wa nazi na kunde na samaki wa kupaka, nikala mpaka nikalegea. Palikuwa na mtoto mmoja hapo. Sikumwogopa, naye hakuniogopa. Tulikaa tukasikiliza Gazi na Ramisi.

Kisha nikaaga, nikarudi Taru. Jibu la kitendawili ni moshi.

Mwanapili, nisamehe. Mwakani kwa mabati.

Mumeo,
Chande


Msambweni, 8 Juni 1959

Baba Iddi,

Barua yako ilikaa Likoni kwa ajili ya mto, imefika siku tatu zilizopita, nami nakujibu kabla hasira haijapoa.

Nimewasomea. Nilisoma kwa sauti, mvua ikisindikiza, na Mwanaima alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni na mikono yote miwili ndani ya maji. Uliposema umeingia kwa mlango aligeuka akautazama mlango wetu. Ulipofika kwa yule mtoto ambaye hakukuogopa, alitabasamu kwa haya, akaficha uso kwenye bega. Nikafika kwenye Gazi na Ramisi. Nikaona kilichoandikwa chini yake.

Sikukisoma. Nikaikunja barua nikasema imekwisha.

Akaniuliza, "Hajarudi?" Nikasema hajaandika kuwa amerudi. Akauliza, "Jibu je?" Nikasema jibu hakulitoa. Akafikiri, unajua anavyofikiri, ulimi nje. Halafu akasema, "Basi bado yupo mjini." Kwa mujibu wa mchezo ni kweli, mtu hatoi jibu mpaka arudi. Mama yako akaitikia, "Yupo, mwanangu, anatembea tembea." Wameniunga mkono wote, hata Iddi, ambaye anajua kusoma na alikuwa nyuma ya bega langu.

Sasa mtoto wako anakuwekea sahani. Kila tukila kuna sahani moja zaidi, na hairuhusiwi kuguswa mpaka sote tumalize, kisha Iddi ndiye anaila, kwa ruhusa. Jana ulichelewa, akasema Baba huyu anapenda kutembea.

Nimemdanganya mtoto kwa ajili yako, Chande, nami sina raha. Siku moja mvua itakatika, vyombo vitakauka, atakwenda uani na wenzake, na atajua kwamba hakukuwa na mtu mjini. Hapo hutakuwa mgeni tena. Utakuwa mwongo, na mimi pamoja nawe.

Mabati yako siyataki. Nimelala chini ya makuti haya miaka yote nikaota ndoto nzuri. Mvua hii tulikosa kila kitu na tukacheka kila siku, na katika kila kicheko kulikuwa na pengo la umbo lako. Mama yako nimemweleza yote. Amesema nikuandikie kwamba baba yako hakufa kwa kuvujiwa. Alikufa amezeeka, katikati ya watu wake, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mama.

Idi kubwa ni katikati ya mwezi huu. Sahani ipo.

Mwanapili


Msambweni, 21 Juni 1959

Ndugu yangu Randu,

Natumaini umeamka salama wewe na mama watoto na mbuzi wako. Najua umekuwa ukiulizwa nimekwenda wapi. Niliondoka kabla ya msimamizi kuamka kwa sababu nilijua nikimwona nitaona haya, na nikiona haya nitabaki. Nimemwandikia barua yake mbali, nimemwomba radhi kwa kuvunja mkono niliompa. Ukuu wa waashi na ampe Kavumbi, kuta zake zimenyooka kuliko zangu. Mwiko wangu na timazi mpe dereva wa lori aniachie Likoni. Galu wanajenga, nitaanza mvua ikitulia.

Nilifika jioni ya kuamkia Idi. Mkurumuji haukunipisha hata kidogo, Randu, nilivushwa na watu kwa kamba, maji kifuani, na viatu nimeving'ata. Zawadi zote nilizonunua Mombasa zilikwenda na mto. Kwa hiyo nilikuja na mikono mitupu hasa, hata mkwaju ulionipa niwapelekee watoto sikufika nao.

Nilipofika mlangoni nilisikia Gazi na Ramisi. Nilisimama nikisikiliza, mimi mtu mzima, maji yananichuruzika, kwa kuwa niliogopa kuingia. Hodi yangu ilitoka ndogo. Mama Iddi alifungua, akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Mama yangu alianza kusoma dua. Walikuwa wanakula. Sahani ya tano ilikuwa pale kwenye mkeka, imefunikwa kawa.

Mwanaima alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nilingoja akimbie nyuma ya pipa. Akasema, "Baba, wewe unatembea sana. Chakula kimepoa."

Basi, ni hayo tu. Hakushangaa, Randu. Kwake yeye nilikuwa mjini humu humu siku zote, nilichelewa tu. Nikakaa, nikala, kunde na machozi pamoja, na yeye akasogea akakaa ubavuni pangu akawa ananiondolea miiba ya samaki.

Baada ya kula nilitaka kuwa mkweli kwa mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa mbali, kwamba barua ilikuwa na mwisho mwingine, na kwamba jibu alilotoa lilikuwa la kweli kuliko langu. Nikaanza, "Mwanaima, lile jibu la kitendawili..." Alipanda mapajani kwangu akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja chenyewe kinanuka samaki. "Usiseme," akaniambia. "Ukisema utarudi Taru."

Nikamwahidi kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa si wangu.

Leo mvua imepumzika. Nimepanda juu na Iddi tumeanza kushona makuti mapya, na wenye nyumba wako chini wanatuelekeza. Mombasa tumeiziba, Vanga tumeiziba. Lamu mama amekataa, anasema huko ana mume. Msambweni, Mwanaima hataki hata tuukaribie, basi mimi na Mama Iddi tumesogeza kitanda tu.

Kazi ikikuleta huku pwani, njoo kwetu, tafadhali. Utakula, utalala, utajionea miji yote kwa macho yako. Nina ombi moja tu. Wewe jibu unalijua, nilikitunga kwenye moto wako. Humu ndani hatulitamki. Kuni bado mbichi, na Mama Iddi akitoka jikoni na macho mekundu anasema tu, "Kile kitu leo kimezidi," nasi sote tunatazama chini. Nawe ukija, macho yakikuwasha, jikaze useme kile kitu.

Wasalaam,
Chande bin Abdurahman